Mnara Uliokatwa Nusu

Mnara wa maji ulikuwa umelala kifudifudi uani mwa kiwanda cha nguo, tangi lake likiwa limetumbukia ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, na Koplo alikuwa ameuzunguka kiasi cha kuwafanya walinzi waanze kumcheka.

"Umedondosha nini, afande?" mmoja aliuliza kutoka kivulini.

"Akili," Koplo akajibu bila kuinua kichwa. "Ukiiona nipigie kelele. Ni ndogo, haijatumika sana."

Hakuwa koplo tena. Alikuwa amepandishwa cheo mara kadhaa, lakini jina lilimganda tangu enzi za kulinda geti la kituo cha polisi, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyohivyo. Asubuhi hii hakuwa na muda wa kukasirishwa na mtu. Siku tangi lilipojazwa maji kwa mara ya kwanza, mnara ulianguka juu ya wanawake wa zamu ya asubuhi waliokuwa wakivaa aproni zao. Wanne walikufa. Mmoja wa wale wanne alikuwa mke wa mchomeleaji aliyeuunganisha mnara huo kwa mikono yake.

Mchomeleaji huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa mahabusu. Mkewe angezikwa leo alasiri. Kaka wa marehemu alikuwa ametangaza mbele ya waombolezaji kwamba aliyemuua dada yake hatashika udongo wa kaburi lake. Na mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Koplo maneno machache: alete sababu ya kumwachia kabla ya adhuhuri, la sivyo Cheche atakuwa kizimbani anasomewa shtaka la kuua kwa uzembe wakati mkewe anashushwa.

Ushahidi dhidi yake ulikuwa picha moja. Kampuni ya wahandisi iliyosanifu mnara ilikuwa imeileta kituoni yenyewe, bila kuombwa: picha ya kompyuta, mnara umepakwa rangi kama kanga mpya, buluu na kijani kila mahali, na kwenye kona moja, palepale nguzo inapokutana na boriti ya juu, doa jekundu. Kona hiyo ilichomelewa na Cheche. Na pale uani, kwenye kona hiyohiyo, kiungo kilikuwa kimechanika.

Mkuu wa kituo aliitazama picha, akatazama kiungo, akafunga faili. Ilikuwa nyekundu. Nani abishane na nyekundu?

Koplo alichuchumaa kando ya nguzo. Kiungo kilichochanika kilikuwa kimoja tu. Vingine vyote vilikuwa vimeng'ang'ania. Lakini kilichomkera ni nguzo zenyewe. Zote nne zilikuwa zimepinda, na zote kwa namna moja: chini zimesimama wima, katikati zimelala upande, juu zimejaribu kusimama tena, kama nyoka anayevuka barabara. Na zote zimeinamia upande mmoja, upande wa chumba cha akina mama.

Alimwita yule mlinzi mcheshi.

"Njoo. Simama hapo. Nishike mabega."

"Afande, watu watasema nini?"

"Waache waseme. Sukuma upande, lakini usiniachie."

Mlinzi akasukuma. Koplo, nyayo zake zikiwa zimekaza ardhini na mabega yakiwa mikononi mwa mlinzi, akajipinda kiunoni.

"Sasa niachie ghafla."

Mlinzi akaachia. Koplo akayumba hatua mbili, mwili umenyooka, nusura aanguke.

"Umeumia?"

"Nimefaidika," Koplo alisema akijipangusa suruali. Kama kiungo cha juu kingeachia kwanza, nguzo ingechomoka na kuanguka imenyooka. Ili nguzo ijikunje namna ile, lazima iwe ilishikwa chini na juu mpaka mwisho. Viungo vya Cheche vilishika. Kile kimoja kilichanika baadaye, mnara ulipojipiga chini.

Hilo aliliamini. Lakini mkuu wa kituo asingemwachia mtu kwa sababu Koplo amekumbatiwa na mlinzi. Alihitaji mtu wa kueleza ile nyekundu.

*

Ofisi ya wahandisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wageni. Mhandisi aliyeichora ile picha alikuwa mwanamke kijana, macho yamevimba, sweta begani ingawa kulikuwa na joto. Alimpa Koplo kiti kabla ya kumsalimu, kisha akakumbuka kumsalimu.

"Dada mhandisi," Koplo alisema akiiweka picha mezani, "mimi shuleni hesabu tulisalimiana kwa mbali. Nieleze kama unamweleza shangazi yako."

"Shangazi yangu ni mwalimu wa hesabu."

"Basi nieleze kama mimi."

Alikaribia kutabasamu, akaacha. Akawasha kompyuta.

"Huwezi kukokotoa mnara mzima kwa mkupuo. Kwa hiyo programu inaukata vipande vidogo vidogo, kama wavu. Kila kipande ni kirahisi, kinahesabika. Halafu inaviunganisha tena na kukuambia kila mahali chuma kimekazwa kiasi gani. Buluu amepumzika. Nyekundu ameelemewa."

"Na hapa kwenye kona ameelemewa hasa."

Mhandisi aliigusa ile kona kwenye skrini kwa kidole.

"Ndiyo, ni nyekundu," alisema.

"Sikukuuliza rangi, nina macho. Nauliza kama ameelemewa."

"Naomba nikuonyeshe." Akavuta kona ile karibu kwenye skrini. Kulikuwa na namba juu yake: mia tatu na kumi. "Sasa nautengeneza wavu uwe mwembamba zaidi hapa tu. Vipande vidogo zaidi. Uzito haujabadilika, chuma hakijabadilika."

Akabofya. Wakasubiri. Namba ikarudi: mia nne na sitini.

"Tena," alisema Koplo.

Mhandisi akaufanya wavu kuwa mwembamba zaidi. Mia saba na kitu.

"Tena?"

"Itapanda tu, afande. Hata ukikesha. Kwenye modeli hiyo kona imechorwa kali kama makali ya wembe, na hesabu za kona kali hazitulii. Kiungo halisi kina mviringo, kina nyama ya kuchomelea. Ukisogea pembeni kidogo, ona: wavu mpana, tisini na nane. Wavu mwembamba, tisini na tisa. Wavu mwembamba zaidi, tisini na tisa. Hiyo ndiyo unayoiamini."

Koplo alijikuna kidevu. Miaka yote amekaa na mashahidi wa aina hiyo. Mmoja ukimuuliza mara ya kwanza aliona mtu na kisu. Mara ya pili watu wawili na panga. Mara ya tatu jeshi zima. Mwingine, umuulize asubuhi, umuulize jioni, umtishe, umnunulie chai, anakwambia lilelile.

"Kwa hiyo huyu mwekundu anatia chumvi," alisema.

"Kila anayefanya kazi hii anamjua. Ni kitu cha kwanza unachofundishwa kutokiogopa."

"Bosi wako naye anamjua?"

"Mzee Muhuri?" Alitazama mlango wa chumba cha ndani, uliokuwa umefungwa. Ripoti zote za kampuni zilipita mikononi mwa mzee huyo kugongwa muhuri, ndiyo maana ya jina. "Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Na ndiye aliyetuletea hii picha kituoni."

Mhandisi aliinua uso haraka. "Aliniambia mmeiomba."

"Hatukuiomba."

Chini, dukani, mtu alikuwa anagonga kopo la rangi lifunguke. Koplo alisubiri agonge mpaka lifunguke.

"Haya," akasema. "Viungo tumeviweka kando. Mnara umeangukaje? Labda mlichanganya vipimo. Mlipima kwa mita mkaandika milimita, kilo zikawa tani."

"Hapana." Hapo sauti yake ilikuwa na uhakika, hata fahari kidogo. "Hilo huwa naliangalia kabla ya kitu chochote. Ukiijumlisha nguvu inayokanyaga chini ya nguzo, lazima ilingane na uzito uliouweka juu. Isipolingana, huna modeli, una mchoro wa mtoto."

"Nijumlishie."

"Nilishafanya."

"Najua. Nijumlishie mimi, nisiyekuwepo."

Akabofya chini ya nguzo ya kwanza. Tani kumi na kidogo. Ya pili, vivyo hivyo. Jumla, tani ishirini, na kidogo juu yake za uzito wa chuma.

"Tangi likijaa lina maji tani ngapi?" Koplo aliuliza.

"Arobaini."

"Hapa naona ishirini."

"Ndiyo, ni nusu. Hii ni nusu ya mnara." Alisema kwa wepesi wa mtu anayeeleza mahali pa choo. "Mnara una pande mbili zinazofanana kabisa, kulia na kushoto. Hakuna haja ya kukokotoa zote. Unakata katikati, unahesabu nusu, halafu programu inakuchorea nusu nyingine kama kwenye kioo. Wote tunafanya hivyo. Kazi inakwenda haraka."

Koplo aliivuta ile picha akaigeuza. Alikuwa ameitazama mara nyingi tangu ilipoletwa na ilikuwa na kitu kinachomwasha, kama shati lenye lebo shingoni. Sasa alikiona. Nguzo za kulia zilikuwa zimebinuka kidogo kuelekea nje, kulia. Nguzo za kushoto zilibinuka kuelekea nje, kushoto. Kama mtu aliyegeuzia kioo mgongo na taswira yake.

"Dada, umeshafika uani?"

"Sijaweza."

"Kule nguzo zote zimelala upande mmoja. Zote nne. Hakuna kioo kule."

Akauona uso wa mhandisi ukibadilika kabla hajamaliza kusema.

"Pale mlipoukata," Koplo aliendelea taratibu, "pale katikati. Nusu ya mnara haiwezi kusimama hewani. Mliiegemeza wapi?"

"Unaiambia programu…" Mhandisi alisita. "Unaiambia kwamba mahali pa kukata hapaendi kulia wala kushoto. Panapanda, panashuka, basi. Kwa sababu nusu mbili zinasukumana sawasawa."

"Kwa hiyo ndani ya kompyuta mnara umeegemea ukuta."

Mkono wa mhandisi ulitoka kwenye kipanya.

"Uani hapakuwa na ukuta," Koplo alisema.

Mhandisi alishika kingo za meza kwa mikono miwili. "Kulikuwa na vyuma vya mshazari," alisema, na sauti ilikuwa imepotelea mbali. "Kwenye usanifu wa kwanza. Upande huo ulikuwa na vyuma vya msalaba vya kuuzuia usilale. Kiwanda kikaomba viondolewe ili malori yapite chini. Nikaviondoa kwenye modeli, nikaangalia kama nguzo zitalemewa zipinde. Ikatoka karibu nne. Maana yake inabeba uzito wake mara nne kabla ya kupinda. Nikashangaa, nikafurahi. Nikasema malori yapite."

"Ulichukua nne ya mnara ulioegemea ukuta."

"Sikuuliza kama unaweza kwenda upande. Nilishaukataza kwenda upande, halafu nikauona hauendi, nikaridhika."

Koplo alimpa muda. Hakuna mtu anayependa kulia mbele ya polisi, na hakuna polisi anayependa kuonekana akisubiri. Aliutazama ukutani utaratibu wa zimamoto mpaka akaujua kwa kichwa.

"Ukiuweka mzima inachukua muda gani?"

"Muda mfupi. Dakika chache tu."

"Weka mzima."

Alifanya kazi bila kuzungumza. Akafuta kioo, akaurudisha mnara nusu yake ya pili, akauondolea ule ukuta wa katikati, akajumlisha tena chini ya nguzo zote nne na kumwonyesha Koplo: arobaini, na uzito wa chuma juu yake. Kisha akabofya, na mstari mwembamba wa kijani ukaanza kutambaa chini ya skrini.

Mlango wa ndani ukafunguka.

Mzee Muhuri alikuwa mtu mpana, shati limepigwa pasi hadi kwenye makwapa, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alimpa Koplo mkono, akakaa pembeni ya meza kama mwenye nyumba, akatazama skrini.

"Afande, karibu. Pole na kazi. Binti yangu anakusumbua na masomo?"

"Ananipa masomo ya kukata vitu nusu, mzee."

"Hizi programu." Mzee alicheka kwa upole. "Ni watumishi wazuri, lakini waoga. Usije ukabeba kila wanachosema ukapeleka mahakamani. Hii unayoendesha sasa, kwa mfano, hata ikikuambia sifuri nukta tisa, hiyo ni nadharia tu. Chuma halisi kina uvumilivu wake. Aliyeangusha mnara ni mchomeleaji, na kiungo kimechanika, kila mtu amekiona."

Mstari wa kijani ulikuwa haujafika hata katikati.

Koplo aliunganisha vidole vyake juu ya tumbo. "Sifuri nukta tisa?"

"Mfano tu."

"Ungetoa mfano wa mbili. Ungetoa mfano wa nusu. Mimi nikitaja namba kwa mfano huwa nasema kumi."

Mzee alivaa miwani, akaivua. Mhandisi hakuwa akimwangalia Koplo tena. Alikuwa akimwangalia mzee.

Mstari ulifika mwisho. Kwenye skrini mnara wote ulilala upande mmoja, nguzo nne zimejikunja kama nyoka wanaovuka barabara, na juu yake namba: sifuri nukta tisa moja. Usingeweza hata kubeba maji yake mwenyewe. Uliwekewa maji, ukasubiri yakaribie kujaa, ukalala.

"Uliichukua kompyuta yangu," mhandisi alisema. "Siku ileile mnara ulipoanguka. Ulisema ni kwa ajili ya bima. Ulirudi nayo asubuhi."

"Binti yangu…"

"Ulijua. Mimi sikulala nikifikiria kona ile, nikifikiria labda ni kweli, labda kiungo. Na wewe ulikuwa umeshaendesha mnara mzima."

"Nilikuwa nakulinda wewe!" Mzee alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Kosa ni la nani? Nani alikata nusu? Unataka kwenda jela na umri huo? Mchomeleaji angepata mwaka, miezi, angetoka. Wewe ungekwisha."

"Na muhuri kwenye ripoti ni wa nani?" Koplo aliuliza.

Mzee akageukia mlango wa chumba chake.

"Ripoti umeigonga muhuri bila kuuliza nusu nyingine iko wapi. Hilo ni uzembe, na mko wawili. Lakini kuchukua picha ya nyekundu unayojua inatia chumvi, ukaileta kituoni kwa miguu yako ili mtu mwingine afungwe, hapo uko peke yako, mzee. Chukua koti lako. Kompyuta naibeba mimi."

Mhandisi alikuwa amesimama.

"Mimi je?"

"Wewe utaandika ulichonionyesha, hatua kwa hatua, kama ulivyonionyesha. Na kosa lako utaliandika."

"Nitashtakiwa."

"Inawezekana sana."

Alivaa sweta mikono yote miwili, akafunga vifungo kimoja kimoja. "Anazikwa saa ngapi? Mke wa fundi."

"Alasiri."

"Basi tuondoke," alisema. "Nitaandikia kwenye gari."

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mara mbili, akatazama picha mpya, akatazama ile ya zamani, akasema kitu kuhusu wahandisi ambacho hakikuandikwa popote. Kisha akampa Koplo funguo.

Cheche alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono yake yenye makovu madogo ya moto imelegea juu ya magoti. Hakuinuka mlango ulipofunguliwa.

"Tunaenda mahakamani?"

"Hapana. Unaenda nyumbani."

Alimwangalia Koplo kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya kigeni. "Kilichanika kiungo changu. Nilikiona."

"Kilichanika baada ya mnara kufika chini. Viungo vyako vilishika mpaka mwisho, fundi. Mnara ulisanifiwa vibaya. Walioukosea wako chumba cha pili wanaandika."

Cheche aliitazama mikono yake.

"Nimekaa hapa nikimwomba radhi," alisema hatimaye. "Mchana na usiku. Nimemwomba radhi mpaka maneno yakaisha. Sasa nimwambie nini?"

Koplo alimpa mkono. Alimsaidia kuinuka.

Nje, gari la mizigo la familia lilikuwa limesimama mbele ya geti. Kaka wa marehemu alikuwa amekuja kuhakikisha kwa macho yake kwamba mahabusu anapelekwa kizimbani. Alipomwona Cheche anatoka bila pingu, alishuka na kuziba njia.

"Koplo, leo usinifanyie vichekesho."

"Sifanyi." Na Koplo akamweleza, bila mzaha hata mmoja, kwa maneno ya kawaida: nguzo zilizolala upande mmoja, mnara uliohesabiwa nusu, ukuta ambao haukuwepo, mzee aliyejua akanyamaza. Alieleza taratibu kwa sababu alijua mtu mwenye msiba husikia neno moja kati ya matatu. Kaka wa marehemu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, taya zinacheza.

"Nimesimama mbele ya watu," alisema alipomaliza kusikia. "Nyumbani kumejaa. Nimesema ni yeye. Mama yangu amesikia nikisema. Wakimwona watamfukuza kwa mawe."

"Ni kweli," alisema Koplo.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

Hilo halikuwa swali la polisi.

Cheche alikuwa amesimama hatua chache nyuma, hajui aelekee wapi. Shati lake lilikuwa lilelile alilokamatwa nalo, limetobolewa matundu ya moto kifuani na kukakamaa jasho. Kaka wa marehemu alilitazama shati hilo. Kisha akaanza kufungua vifungo vya lake jeupe, la msibani, akalivua, akabaki na fulana, pale barabarani mbele ya watu.

"Vaa," alisema. "Utaingia mbele yangu. Atakayeokota jiwe aanze na mimi."

Cheche hakusogea. Kaka akamwendea, akamvika mwenyewe, akamfunga kifungo cha juu, kisha akafungua mlango wa mbele wa gari na kusubiri mpaka shemeji yake apande.